Kisima Alichochimba Bauro

Nguruwe wa mwisho alipofika ufukweni alikataa katakata kusonga mbele, na Nei Kinaai, mikono ikimuuma, akamfunga palepale kwenye mnazi. Choo alishakifukia. Sasa na nguruwe wamehama. Kama maji ya kisima bado ni mabaya, hakujua ahamishe nini tena.

Aliporudi nyumbani, mumewe Bauro alikuwa amelala kando ya kisima, chini ya kibanda cha makuti ambacho Kinaai alimjengea ili jua lisimchome.

"Wewe lala tu," alimwambia. "Nguruwe nimewaburura peke yangu. Mjukuu wako anabadilika rangi, wewe hata hushtuki."

Bauro hakujibu. Mwaka mzima alikuwa hivyo, maneno yote kamwachia mkewe. Na zamani hakuwa mvivu. Hicho kisima alikichimba mwenyewe, na kulala karibu nacho alikutaka mwenyewe. Kinaai hasira zikamwisha, kama kila siku. Akachukua ufagio, akasafisha kokoto nyeupe zilizomzunguka, maana majirani wana macho.

Ndani, kichanga Tiein alilia kilio chembamba kisicho na nguvu. Mama yake alikuwa Australia akichuma matunda, na mtoto aliishi kwa maziwa ya unga. Mvua iligoma, tangi likakauka, maziwa yakakorogwa kwa maji ya kisima. Kinaai aliyachemsha sana, maskini, asijue kwamba sumu iliyomo haiogopi moto. Muuguzi ndiye aliyemwambia, alipoona midomo ya mtoto imegeuka buluu. Tangu hapo alikuwa akiomba maji kwa majirani, chupa moja moja, na majirani nao walianza kuchoka.

Mchana alikuja Akenete, binti wa idara ya maji. Alichota maji kisimani, akayatia kwenye kichupa, akaongeza dawa, akatikisa. Yakawa na rangi ya waridi, ileile ya safari zilizopita.

"Bado, bibi. Kuna kitu kinaoza karibu na hapa, na uozo wake unaingia humu."

"Choo nimefukia. Nguruwe nimeondoa. Nimechoka, mwanangu. Niambie nitoe nini, nitatoa."

Akenete alieleza kwamba maji ya chini ya kisiwa hayatulii, hutambaa polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo kinachoyachafua hutafutwa kule yanakotoka. Akaanza kutembea kuelekea huko, macho chini. Hakwenda mbali. Alisimama miguuni pa Bauro, akavua kofia.

"Bibi," aliuliza kwa sauti ya chini, "kaburi la babu lilichimbwa kina gani?"

Kinaai aliketi juu ya kokoto, akaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Tulichimba mpaka tukakuta maji."