Shati la Bosi

Royce, msimamizi wa ghala letu hapa Pennsylvania, aliinama kuokota kalamu, shati likapanda. Kiunoni nikaona bastola, kitako chake kinang'aa kwa jasho.

Msimu uliopita wa kuwinda kulungu alimfukuza kazi mume wangu hapa hapa, kwa bunduki aliyoisahau garini kwenye maegesho ya ghala. "Sheria ni msumeno, dada," aliniambia, akinionyesha bango la silaha marufuku.

Sasa alilishusha shati upesi. "Hujaona kitu," akaninong'oneza. "Nina watoto."

"Hata sisi tunao."

Kengele ikalia. Wafanyakazi wote wakajipanga kwa mazoezi ya viungo ya kila asubuhi, na zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Nikasimama mbele yao, nikamtazama Royce machoni.

"Haya jamani, mikono juu kabisa. Na wewe, bosi."