Toleo la Pili

Profesa alikuwa amepiga magoti sakafuni, kipara kinang'aa kwa jasho, anafunga sanduku la vitabu kwa kamba, wakili alipoingia na faili la bluu kwapani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Hebu weka kidole hapa, bonyeza."

Wakili akaweka faili mezani, akabonyeza fundo. Watu wengine walikuwa na namna nyingine ya kumwita mzee huyu. Lakini yeye alifundishwa naye sheria ya katiba miaka minne, akala sifuri mbili, na ulimi wake haukujua jina jingine.

Sebule ilikuwa shaghalabaghala. Vitabu masandukuni, vikombe vimeviringishwa kwa magazeti, na mke wa Profesa juu ya kigoda anashusha mapazia. Ukutani ilibaki picha ya rais peke yake, na nywele zake nyingi nyeusi. Nje, askari wawili walisimama getini na bunduki. Jumamosi nyumba ilikuwa inapata mtu mwingine.

"Huna haja ya kuhama, Profesa," wakili alisema. "Mambo yote yako tayari. Rais aongezewe muhula wa tatu, basi. Kimebaki kitu kimoja tu, sahihi yako. Ukiitia, hakuna wa kukugusa. Utabaki humu humu, na bustani yako, na daktari wako wa kila asubuhi."

"Na nisipoitia?"

"Wakubwa wa chama wamefura. Wanasema watakusahau siku hiyo hiyo. Hata salamu hutaipata."

"Alaa! Mimi wa kutishwa na salamu?"

Na kweli, mzee huyu hakuwa wa kutishika. Kifungu cha mihula miwili alikiandika kwa mkono wake, enzi ambazo rais alitoka madarakani kwa jeneza tu. Kwa kifungu hicho alifukuzwa chuoni mara mbili. Mara ya pili alifundishia sebuleni kwake mwaka mzima, wanafunzi wamejaa mpaka jikoni, mkewe anapika huku anawasahihisha. Wakili alikuwa mmoja wao. Alikuwa akikalia ndoo.

Ndiyo maana wakubwa walimtuma yeye. Naye hakuja mikono mitupu, alikuja na kitabu cha Profesa mwenyewe.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili," akasoma. "'Nchi ikiwa hatarini, wananchi wanaweza kumwongezea rais muda.' Haya ni maneno yako, Profesa. Na hatari ipo, mambo ya mpakani unayajua."

Profesa akainuka, akakaa mezani. Akalivuta faili. Mkono ukaenda mfukoni, ukarudi na kalamu. Juu ya kigoda, mkewe aliliacha pazia likining'inia. Wakili naye alitaka mzee asaini, na wakati huo huo aliona angemdharau maisha yake yote.

"Hilo ni toleo la ngapi?" Profesa akauliza.

Wakili akafunua kurasa za mwanzo. Uso ukamshuka.

"La kwanza."

"Na siku ya kwanza darasani niliwaambia nini, kabla hata sijawatajia jina langu?"

"Tusinukuu kitabu kabla ya kutazama toleo la mwisho."

Profesa akachomoa toleo la pili kutoka kwenye sanduku lililokuwa bado wazi, akampa. Ukurasa ule ule, chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Hapa nilikosea. Rais asiyeondoka ndiye hatari yenyewe.*

Kisha akafungua faili. Kalamu ilikuwa nyekundu. Akapiga mstari kutoka juu hadi chini, akaandika sifuri pembeni, akaizungushia duara.

"Wapelekee. Waambie ni kazi mbovu, na marejeo yamepitwa na wakati. Jumatatu saa mbili asubuhi nina darasa la mwaka wa kwanza, chumba namba kumi na mbili. Anayetaka kubishana na mimi aje. Ila akae mbele nimwone."

"Watanimaliza mimi, Profesa."

"Wakikufukuza njoo tufundishe. Ndoo yako bado ipo."

Wakili alicheka bila kupenda. Akachukua faili, akaenda zake. Mlangoni akageuka.

Mke wa Profesa alikuwa amesogeza kigoda ukutani. Akaishusha picha ya rais, akaifuta vumbi kwa pindo la gauni, akaitazama. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa amesharudi chini kwenye kamba zake.

"Miaka kumi tu, mzee wangu," akasema. "Hapa ulikuwa bado una nywele."