Nyongeza ya Maharage

Kila Jumatatu ofisi ya takwimu ilimtuma Salha sokoni akanunue kilo moja ya maharage kwa Bi Mosi na kuandika bei.

"Ni ileile ya mwezi jana," alisema Salha huku akijaza fomu. "Wakubwa watafurahi."

Bi Mosi alipima, akamimina mfukoni. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukachota konzi ya nyongeza. Ukasita hewani, ukarudi guniani.

"Unisamehe, mwanangu. Hiyo sasa imenishinda."

Salha alipekua fomu mbele na nyuma, asione pa kuliandika hilo. Alipoinua macho, punje moja ilikuwa imenata kiganjani mwa Bi Mosi, naye anaitazama, hajui aitie wapi.