Farasi na Jasho la Mabegani

Farasi mmoja alikuwa hamwamini mtu, na Punda ndiyo kabisa. Alipovuliwa tandiko jipya, mwili mzima ulikuwa jasho tupu, isipokuwa sehemu mbili kavu mabegani.

"Hapo tandiko limekubana mpaka jasho limeshindwa kutoka," Punda akamwambia. "Likatae, ndugu yangu."

Farasi akamkata jicho. "Ili uvalishwe wewe, mbeba magunia? Nenda zako!"

Nzi akatua palepale pakavu. "Wivu tu huo, bwana mkubwa. Tandiko limekukaa vizuri ajabu."

Nzi huyo, Farasi hakumuuliza anapata nini.

Siku ya tatu mabega yakachubuka, damu ikachuruzika. Nzi akaja na ukoo wake wote.

"Mbona hukuniambia?" Farasi akalia.

"Aliyekuambia ulimfukuza," Nzi akajibu, kisha akawageukia wanawe. "Kuleni polepole, wanangu. Kesho atavalishwa tena."