Marashi ya Siwatu

Siku hizi bwana, kila nyumba ina pua ya serikali ukutani, mtambo wa kunusa, na chochote chenye mvuke lazima kipimwe. Mvuke ukisukuma sana, kinachukuliwa. Basi mie chupa ya marashi ya marehemu mke wangu, Siwatu, nikaitia mtungini ipoe, maana baridi hutuliza mvuke.

Mpimaji kuja, kumbe mjukuu wangu Raiye!

“Babu, mbona ya baridi hivi? Natakiwa niipashe kwanza.”

“Ipashe basi, mama.”

Akanitazama, akacheka, akaipima hivyohivyo na ubaridi wake. “Imepita. Mzee mjanja wewe! Wakijua, kazi sina.” Akanibusu mkono, akaenda.

Mchana, joto lilipopanda, nikafungua kizibo kidogo tu. Nyumba nzima ikanukia Siwatu wangu.

Pale ukutani, pua ikaanza kuvuta pumzi.