Dari Imepimwa

Siena alikwangua dari kwa kisu cha jikoni, polepole, kama mtu anayemnyoa mgonjwa aliyelala.

Alifanya kila kitu kama karatasi ya maabara ilivyoelekeza. Alifunga madirisha. Alivaa barakoa na glavu. Alipulizia dari maji yenye sabuni mpaka ikalowa, ndipo akachomoa kipande kisichozidi ukubwa wa ukucha, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo akautia ndani ya mwingine. Kishimo akakiziba kwa rangi. Sakafu akaipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa, ufagio hakuugusa. Vyumba vinne, vipande vinne. Alhamisi ile daktari ambaye Siena alimfanyia kazi za ndani alikuwa amekwenda Upington na mkewe, kwa hiyo Siena hakuwa na haraka.

Aliyetaka dari ipimwe ni mdogo wake, Barend.

Mama yao alikuwa amezikwa majuma matatu nyuma. Kwa miaka kumi na mmoja Siena alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, na Barend alikuja kutoka Kimberley kila Krismasi kula mbavu za kondoo. Ilipobainika kwamba nyumba imeandikwa jina la mtoto wa kiume peke yake, Barend hakuona haya hata chembe.

"Dada, mwisho wa mwezi uwe umeshahama," alisema, mkononi kikombe cha chai aliyopikiwa na dada huyohuyo. "Mimi nina mke na watoto wawili. Wewe una nani?"

"Sina mtu," Siena alijibu.

"Ila siwaleti wanangu humu kabla haijapimwa. Mji huu naujua."

Prieska hapakuwa na familia isiyojua. Mgodi wa asbesto ulifungwa zamani, lakini nyuzi zake zenye sumu zilibaki kwenye kuta, kwenye mapaa na kwenye vifua vya watu. Baba yao alikufa akiwa na miaka hamsini na miwili, akitafuta pumzi kama mtu anayezama nchi kavu. Barend wakati huo alikuwa bado anajifunza kusoma.

"Basi niite fundi aje achukue vipande?" Siena aliuliza.

"Fundi wa nini na wewe upo? Jifunge barakoa, fuata maelekezo, upeleke posta." Akacheka. "Mimi mapafu yangu bado nayahitaji."

Siena alitikisa kichwa kukubali, akaokota kikombe, akaenda kukiosha.

Majibu yalirudi kutoka Johannesburg baada ya siku kumi. Barend aliyasoma kwa sauti akiwa amesimama barabarani, mtaa mzima usikie: vipande vinne, hakuna hata kimoja chenye asbesto. Jioni hiyohiyo akampigia simu mkewe afunge mizigo.

Siena alihamia chumba cha uani kwa jirani, Mzee Olyn, aliyekuwa amechimba pamoja na baba yake. Alibeba godoro lake na Biblia ya mama. Kitanda cha mama kilikuwa kimeshatupwa nje, miguu juu.

Jumamosi Barend akaanza kubomoa dari. Mkewe, Mercia, alitaka vyumba vyenye kimo, kama alivyoona magazetini. Nyundo zililia tangu asubuhi. Vumbi lilimiminika madirishani kama moshi, na ndani yake alikuwamo Jolien, binti yao wa miaka sita, nywele nyeupe pee, akiruka juu ya vifusi na kucheka kila kipande kilipoanguka.

Siena alisogea kwenye ua wa waya. "Wifi! Niachie Jolien leo. Nimpikie maandazi, acheze huku."

"Aa, wifi, muache asaidie," Mercia alijibu huku akifagia. "Akija huko utamjaza maneno kuhusu nyumba. Tunakujua."

"Ni leo tu."

"Nimesema muache."

Siena akaondoa mkono wake kwenye waya. Hakuomba tena.

Mzee Olyn alitoka na fimbo yake, kifua kikimpiga mluzi. Alipoliona vumbi macho yakamtoka.

"Barend! Wee Barend! Mwagia maji hiyo dari! Watoe watoto nje!"

Barend akachungulia dirishani, kifua wazi, ule waraka wa maabara akiupeperusha juu ya kichwa. "Imepimwa, mzee! Hili ni vumbi tu kama vumbi jingine. Nenda ukalale!"

Nyundo ikaendelea.

Mzee akamgeukia Siena. "Ile lipu ya dari tuliipiga mimi na baba yako, kwa nyuzi za bluu tulizozitoa mgodini kwa magunia. Vyumba vyote vinne. Wewe ndiye uliyekuwa ukitushikia ndoo, umesahau? Maabara gani hiyo isiyoona asbesto?"

Hakungoja jibu. Alishika waya, akavuta pumzi amwite mtoto kwa jina, na kikohozi kikamkaba. Akainama, akashika magoti. Siena akampigapiga mgongoni, kwa mkono uleule mpole aliokuwa akimpigapigia mama yake.

"Maabara haikukosea, baba," alimwambia. "Mimi niliwapelekea dari ya nyumba mpya ya daktari."