Pindo Juu ya Magoti

"Fumua," alisema, akilitupa gauni juu ya cherehani. "Pindo bado refu."

Fundi, shoga yake tangu shuleni, aliinua macho. "Ufupi gani tena unaoutaka? Likipanda zaidi ya hapa si gauni tena, ni blauzi."

Hakucheka. Leo kwake kukaa hakukaliki, kusimama hakusimamiki. Alikwenda dirishani, akarudi, akaligonga kwa kidole jarida la wasichana lililokuwa wazi mezani.

"Tazama vizuri. Kola ya mviringo. Vifungo vikubwa. Pindo juu ya magoti. Nataka hilihili, sitaki ndugu yake."

Alikuwa amekuja na rundo zima la majarida. Miaka ya suruali za bugaluu zilizofagia njia. Miaka ya mabega yaliyojazwa sponji. Miaka ya sketi za kubana, msichana anatembea kama kafungwa kamba. Yote aliyasukuma kando. Alitaka mwaka mmoja tu.

"Mzee akikuona nalo, patawaka moto," fundi alisema, mkasi ukitafuna uzi.

"Na pawake."

"La kwanza si alilichoma? Umesahau?"

"Sijasahau. Naye asisahau."

Fundi alimtazama kidogo, akapandisha pindo.

Alilivaa palepale, zipu ikigoma kiunoni, akalifunika kwa koti refu na kukimbilia nyumbani. Mbele ya chumba cha baba yake alilivua koti. Moyo ulimdunda kama wa mwizi. Akavuta pumzi, akaingia.

Mzee alikuwa ameketi kitandani akiutazama ukuta. Akageuza shingo. Macho yake yalianzia kwenye kola, yakashuka kwenye vifungo, yakafika magotini, yakakwama.

"We binti!" alinguruma. "Mapaja yote nje, unakwenda wapi? Mtoto wangu mimi hatoki hivyo nyumbani kwangu! Kavue!"

"Ndiyo, baba," alisema, machozi yakimchuruzika, wala hakuondoka. "Nigombeze tena."

Mlangoni wajukuu walimchungulia bibi yao, viganja midomoni. Mwaka mzima mzee hakumtambua binti yake; alikuwa akimwita nesi.